Kufunga Mwaka wa Vitabu: Mwongozo wa Msomaji wa Amu

Mwaka juzi, barazani hapa Amu (Lamu), niliulizwa nimesoma vitabu vingapi, nikajibu bila kupepesa jicho: "Vyafika thelathini." Wenzangu wakaguna kwa heshima, mmoja akanisogezea kikombe cha kahawa. Usiku nilipokaa peke yangu kuvihesabu, nikapata 19. Katika hivyo 19, vinne sikuvimaliza, kimoja nilikuwa nimekisoma mwaka wa nyuma yake, na kingine sikukumbuka hata rangi ya jalada lake. Kahawa ya watu nilikuwa nimeshainywa.

Tangu siku hiyo naufunga mwaka wangu wa vitabu kama mwenye duka anavyofunga hesabu, kwa daftari na kwa kulipa madeni. Kazi yangu ni kushona kofia. Kofia ya viua, ile ya kudariziwa vitundu vidogo vidogo, hula miezi, na macho yaliyoshinda kwenye sindano hayana hamu tena ya herufi, kwa hiyo husoma baada ya isha, kurasa chache, mpaka taa au mimi mmoja wetu azime. Kama nawe kazi yako hula macho, njia hii itakufaa. Yataka jioni nne, daftari moja la mistari, na ukweli kidogo.

Kwanza, amua mwaka wako waanza lini

Watu wa pwani tuna miaka mingi mkononi. Upo wa Januari, wa shule na ofisi. Upo wa Kiislamu, wa siku 354 au 355, ambao kila ukizunguka huutangulia ule wa Januari kwa siku 11 hivi. Upo na ule wa kale wa mabaharia na wakulima, ulioanza siku ya Nairuzi na kuhesabiwa kwa miongo, kumi kumi, mpaka zitimie siku 365. Na asiyetaka hesabu yoyote ana pepo: kaskazi ikiingia, kusi ikiingia.

Mimi hufunga mwezi wa Shaaban. Sababu ni kwamba Ramadhani usomaji wangu hubadilika kabisa: juzuu moja ya Kurani kila siku, mwezi ukiisha zimetimia 30. Sipendi kuchanganya khitma na riwaya katika safu moja, ni adabu tu. Mwalimu wa shule ningemwambia afunge Desemba, madarasa yakiwa matupu. Mvuvi wa Kizingitini angengoja kusi kali ipite, maana ndio wakati chombo hukaa pwani naye akapata nafasi ya kusoma.

Ukishachagua usibadilishe, angalau miaka mitatu, la sivyo hutakuwa na cha kulinganisha. Na usiulinganishe mwaka wako wa Kiislamu na wa Januari wa rafiki yako. Siku 11, kwa msomaji wa kurasa 10 kwa siku, ni kurasa 110. Hicho ni kijitabu kizima.

Pili, kusanya ushahidi kabla ya kuuliza kichwa

Kichwa kina upendeleo. Hupenda vitabu vinene na vile vinavyosifiwa na watu, na kile kijitabu kilichokutoa machozi mwezi wa tatu hukisahau. Basi usianze na kumbukumbu, anza na vitu.

Zunguka nyumba. Mimi huanza na vidaka vya ukutani, nikashuka mvunguni, nikatazama kikapu cha kazi, nikamalizia dari, ambako husomea kaskazi ikivuma. Vyote huviweka mkekani katikati ya chumba. Kisha simu. Humo mna vitabu ulivyotumiwa na jamaa ukavifungua mara moja, mna picha za kurasa ulizozipiga ili usizisahau, mna na ujumbe wa malipo. Mimi kwa ujumbe wa M-Pesa nilijua kwamba nilinunua vitabu vitatu kutoka Mombasa, ilhali nilikuwa nimeviona viwili tu. Cha tatu kilikuwa bado ndani ya furushi, kamba haijafunguliwa, chini ya vitambaa vya kofia. Miezi saba!

Tazama na alama zilizobaki ndani ya kurasa. Wengine huacha tiketi ya boti ya Mokowe, wengine risiti ya unga. Mimi huweka uzi. Wiki nikishona kwa uzi wa rangi ya samli, uzi huo ndio hulala kitabuni. Nikihamia wa kahawia, nao pia. Mwisho wa mwaka nafungua kitabu, naona uzi umeishia wapi, najua nilikisoma nikishona kofia gani, na kofia najua nilimpa nani na lini. Ushahidi huo hakuna kichwa kinachoweza kuubisha. Tafuta nawe cha kwako, kitu cha kazi yako ambacho hubadilika badilika.

Usisahau kuuliza wa nyumbani. Nilipomaliza kukusanya, mke wangu alitazama mkeka akasema, "Na kile ulichokuwa ukicheka peke yako usiku, mpaka mtoto akaamka?" Nilikuwa nimeshakirudisha kwa mwenyewe. Hakikuwa na uzi, hakikuwa na picha, shahidi wake alikuwa yeye.

Tatu, weka sheria ya kuhesabu

Kusoma kitabu ni nini hasa? Kwetu neno lenyewe lina mtego. Kwa Kiamu cha wazee "chuo" ni kitabu, wingi wake "zuo", na chuo hicho hicho ni pale mtoto apelekwapo kusoma. Tenzi za kale ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, akawako mmoja wa kuzisoma kwa sauti na kumi wa kusikiliza, na hao kumi hakuna aliyewaambia kwamba hawakusoma. Kwa hiyo mimi cha kusikiliza nakihesabu, mradi nimekifuata toka mwanzo hadi mwisho. Mpwa wangu husikiliza riwaya kwenye simu huku akisukuma rukwama kutoka gatini. Amesoma. Asiyekubali na asukume yeye.

Tatizo la pili ni unene. Utendi wa Mwana Kupona, ambao Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia bintiye mwaka 1858, una beti 102. Kila ubeti una vipande vinne vya mizani nane nane. Ni kitu cha kumalizwa kati ya magharibi na isha ukitaka. Mimi nilisoma beti tano kila usiku, nikirudia kwanza za jana, ukanichukua usiku 21. Mwaka huo huo nilisoma riwaya ya upelelezi ya kurasa 400 kwa siku tatu, na ukiniuliza leo muuaji alikuwa nani nitakwambia subiri nikumbuke. Ukihesabu nakala, viwili hivi ni sawa sawa. Ukihesabu kurasa, ile ya upelelezi yashinda mara kumi. Hesabu zote mbili ni za uongo. Ndiyo sababu siku hizi naandika idadi ya usiku: kitabu kilikaa nami usiku mangapi.

Kisha kila kitabu nakipa herufi moja. M nimemaliza, A nimeacha, R nimerudia, S nimesikiliza, N bado naendelea nacho. Herufi M ina sharti: uwe umefika ukurasa wa mwisho na uweze kumsimulia mtu kitabu hicho kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha kahawa chungu. Kikombe chenyewe ni kidogo, kwa hiyo sharti si gumu. Ukishindwa, andika A. Sharti hili peke yake liliniondolea vitatu.

Nne, andika daftari

Safu sita zatosha: jina la kitabu, kimetoka kwa nani, uzi au alama, usiku mangapi, herufi, na neno. Mistari miwili ya daftari langu hii hapa:

Riwaya ya Unguja. Ya ami wa mtaani. Uzi wa samli. Usiku 12. M. Neno: kuchungulia kwa sikio.

Kitabu cha kutajirika. Zawadi ya mgeni. Uzi mweupe. Usiku 2. A, ukurasa wa 31. Neno: hakuna, mwandishi afoka tu.

Safu ya neno ndiyo niipendayo kuliko zote. Kila kitabu kilipe kodi ya neno moja au fungu la maneno ambayo hukuwa nayo kabla. Jambo hili kwetu lina bingwa wake. Sheikh Ahmed Nabhany, mtu wa Amu aliyefariki mwaka 2017, aliyakusanya maneno maisha yake yote. Alitunga shairi zima la kutaja viungo vya jahazi na jingine la mnazi, ili majina yasipotee na wazee, na "runinga" tunayoitumia sote ni neno lake. Sisi hatumfikii, ila neno moja kwa kitabu kimoja halimshindi mtu. Nikirudi kulisoma daftari la mwaka juzi, safu hii hunirudishia kitabu haraka kuliko jina lake.

Ukitaka hesabu ya jumla, fanya moja tu. Kurasa 10 kwa siku kwa siku 354 ni kurasa 3,540, yaani vitabu 17 vya kurasa mia mbili na ushei. Anayekwambia amesoma mia moja, muulize kwa upole analala saa ngapi.

Tano, rudisha vitabu vya watu

Hapa ndipo mwaka unapofungwa kweli, na ndipo wengi hukwepa. Tazama safu ya pili ya daftari lako. Kwangu, katika vile 19, vya kununua vilikuwa sita. Vingine vyote vilipita mikononi mwa watu. Maduka ya vitabu kwetu si mengi. Kitabu hutoka Mombasa au Nairobi katika mfuko wa mtu, kikaazimwa nyumba ya kwanza, ya pili, ya tano, mpaka jalada lipotee.

Basi toa vyote visivyo vyako, vipange kwa wenyewe, na ubebe kimoja kimoja. Usimtume mtoto. Ukimtuma mtoto umerudisha karatasi tu. Nenda wewe, baada ya alasiri, wakati mtu hana haraka, na ukifika usikiweke mezani ukaaga. Muulize mwenye kitabu maswali mawili: yeye alikipata wapi, na ni wapi alipopapenda. Hapo utasikia kitabu ambacho hukukisoma, japo ni hicho hicho. Na kama umekichelewesha, kiri mwenyewe kabla hujaulizwa.

Mimi ile riwaya ya Unguja nilikaa nayo miezi 14. Niliposhika njia kutoka Langoni kwenda kwa ami, karibu na Mkunguni nilitaka kurudi. Punda waliobeba mawe wakanibana ukutani, nikaona sina pa kukimbilia.

"Salaam aleikum, ami."

"Waaleikum salaam. Ndoo, mwanangu, keti." Akakitazama kitabu, akakipindua. "Umekimaliza?"

"Nimekimaliza, ami. Unisamehe, nimekiweka sana."

Hakushughulika na msamaha. Akasogea karibu, akateremsha sauti kama mtu anayeuliza habari ya posa. "Hebu nambia. Yule binti, mwisho alikwenda na nani?"

Nilidhani ananipima. Kumbe hakujua. Kitabu kilikuwa chake miaka ishirini na zaidi, na kurasa za mwisho hajapata kuziona. Kiliingia maji chomboni siku alipokuja nacho, kilipokauka nusu ya mwisho ikawa gamba moja. Alikiweka kidakani, akawa anakiazimisha, na kila anayekirudisha humwambia kizuri sana. Hakuna aliyemwambia kwamba hakufika mwisho!

Mimi nilikuwa nimezibandua zile kurasa bila kujua kama ni msiba wa miaka ishirini. Kwa kuwa huenda nawe unacho kitabu cha namna hiyo, njia ni hii. Usivute kurasa zikiwa kavu, zitachanika palipo na maandishi. Kiache kitabu usiku kucha penye unyevu, mimi hukiweka juu ya kigoda ndani ya chumba cha kuogea, mbali na maji yenyewe. Karatasi ikilegea, ingiza kitu chembamba butu kwenye pembe. Mimi hutumia upande wa tundu wa sindano nene ya kofia, si ncha, kisha nikasogea nusu inchi nusu inchi kuelekea mgongoni. Kila ukurasa ukitoka, weka karatasi safi ya kufyonza kabla ya kwenda wa pili. Kurasa sita kwa usiku, basi. Ukiona wino unahama, acha siku mbili. Kurasa za kung'aa, zile za picha, zikishagandana usijisumbue nazo, hazifunguki bila kuchubuka.

Ami hakutaka nimsimulie mwisho. Alitaka nimsomee. Jioni tatu nikaenda, yeye kaegemea nguzo ya daka, kile kibaraza cha mlangoni, mimi na miwani yangu, wapitao wakisimama na kuondoka. Binti alipokwenda na yule aliyekwenda naye, ami alinyamaza kidogo, akasema, "Mjinga." Sijui alimwambia binti au mwandishi. Daftarini nikabadilisha herufi ya kitabu kile, nikaandika R, na usiku 12 nikazifanya 15.

Vipo na vitabu vyako vilivyo kwa watu. Orodhesha majina, dai kwa upole, na usiogope kusamehe. Mimi nina viwili ambavyo najua viliko na najua havirudi. Nimeviandikia "sadaka", nikalala vizuri.

Sita, fungua upya vitatu

Chagua vitabu vitatu vyenye herufi M bila kuchagua sana. Kabla ya kuvifungua, andika kwa kila kimoja mistari mitano: unakumbuka nini. Kisha fungua mahali palipo na uzi, soma kurasa tatu, linganisha.

Utajionea. Kitabu nilichoandika kwamba "chahusu njaa", nilipokifungua nikakuta njaa imetajwa mara moja. Kilichonikaa ni wali mmoja tu uliopikwa ukurasa wa 60, nami nilikuwa nimefunga sita za Shawwal nilipousoma. Hilo si kosa la kumfanya mtu aone haya. Liandike hivyo hivyo pembeni, maana kitabu ulichokisoma ni kile ulichokisoma na njaa yako.

Saba, zisome safu kwenda chini

Mpaka hapa umesoma daftari kwa kukata mistari. Sasa shuka nalo. Safu ya "kutoka kwa nani" ilinionyesha kwamba vitabu 11 vilitoka mikononi mwa watu wawili, wote wanaume wa makamo ya kuitwa wazee. Nilijidhania nasoma nipendacho, kumbe nasoma wapendacho wao. Waandishi wanawake walikuwa wawili, na mmoja wao alitunga 1858. Nikaenda Shela kwa dada yangu, ambaye nyumba yake ina vitabu na mimi sijapata kumwuliza hata kimoja. Akanitazama vibaya, ila akanipa vitatu.

Tazama na vile vya A. Usiviite vya kushindwa kabla hujauliza vimeachwa kwa nini. Vyangu vitatu viliachwa kwa herufi ndogo, si kwa ubaya, na dawa yake ilikuwa miwani, si bidii. Kimoja kiliachwa kwa kuwa mwandishi afoka.

Nane, vihifadhi vinavyobaki

Fupi hapa. Ukuta wa mawe wa nyumba za Amu huvuta unyevu, kwa hiyo kitabu kisiguse ukuta, acha upana wa vidole viwili nyuma yake. Kaskazi ikikausha hewa, vitoe, vifungue kama feni, viweke kivulini penye upepo nusu siku. Jua kali halifai, gundi ya mgongo hukauka ikapasuka na jalada hupauka. Ukungu ufutwe kwa kitambaa kikavu, nje ya nyumba, usiupulizie usoni. Mchwa akionekana, toa kila kitu, si kitabu kimoja. Mimi huweka na majani makavu ya mwarobaini pembeni mwa kidaka. Mke wangu asema yanafaa zaidi kwa mchele.

Tisa, mwaka unaokuja

Usipange vingi. Ukurasa mpya wa daftari, juu yake andika vitabu vitatu tu: kimoja ulichokiacha na unataka kukirudia, kimoja kutoka kwa mtu ambaye hujapata kumwazima, na kimoja ambacho tayari kimo nyumbani. Changu cha nyumbani ni kile cha furushi. Nimekata kamba, nimetia uzi wa maziwa ukurasa wa kwanza.

Hivyo vingine viwili bado sijavigusa. Juzi baada ya magharibi mjukuu wa ami alibisha hodi, kabeba vitabu vinne vimefungwa pamoja kwa mshipi wa kuvulia, vizito kama matofali, kurasa zimegandana pande zote.

"Babu akusalimu," akasema. "Asema kesho uje, na uje na sindano."